Simu ya Kuomba Radhi

Mwanangu anacheza mchezo ambao nusu ya jamaa zangu wanadhani nimeubuni mimi. Nikiwaambia unaitwa hurling, wananitazama. Nikiwaambia ni mpira wa magongo wa Ayalandi, wanasema ah, hoki, babu yetu alikuwa akicheza hoki Unguja, na picha yake ipo. Si hoki. Hoki mpira unatambaa chini kwa adabu zake. Huu wa kwao unaruka juu ya vichwa, kipira cha ngozi kigumu kama jiwe la mizani, na watu thelathini wenye akili zao timamu wanakikimbilia, kila mmoja na gongo lake, wanayazungusha magongo usawa wa masikio ya wenzao. Wanavaa kofia ngumu yenye nyaya mbele ya uso. Nilipoiona kofia ile mara ya kwanza nilimwambia mume wangu kwamba mchezo unaotaka kofia kama hiyo si mchezo, ni ugomvi uliopangiwa saa.

Alicheka, maana yeye ndiye aliyetuletea. Alikuja Ibra, mji wetu wa huku Oman, kufundisha Kiingereza chuoni, akasilimu, akanioa, na watu wa nyumbani wakasema huyu atakaa mwaka mmoja kisha arudi kwao kwenye mvua zake. Hakurudi. Anakula samaki wa Sur kwa mkono na mwiba haumshindi, na Kiswahili cha nyumbani kwetu amekishika mpaka anajua kututeta nacho. Lakini katika begi lake la safari alileta magongo mawili, na mtoto alipoanza tu kusimama akamchongea gongo dogo. Ukuta wetu wa nyuma, ule unaotazama mitende, umejaa madoa ya kipira. Joto la hapa liliyakausha magongo mpaka yakapasuka, kwani mti wao umezoea unyevu. Kila tukienda upande wa Nizwa kumtazama mama mkubwa, mume wangu alipitia karakana za Firq, kwa fundi mmoja aliyemfungia bati kwenye ncha ya gongo. Fundi yule hakuuliza hata siku moja ni la kazi gani. Nadhani alijua ni la kuulia nyoka.

Sasa nieleze habari ya radhi, maana bila hiyo sina cha kusimulia. Nyumbani kwa mama yangu hakuna mtoto aliyevuka kizingiti bila kusema, "Mama, n'nakwenda, nipe radhi zako." Ukienda dukani, ukienda skuli, ukienda kufanya mtihani. Mama akijibu, "Nimekuridhia, Mungu naye akuridhie," ndipo unatoka. Asipojibu, unasimama pale pale mlangoni kama mwizi. Wazee wetu waliichukua desturi hiyo kutoka Unguja pamoja na mbuzi zao za kukunia nazi na ugomvi wao wa zamani, na vyote vitatu wamevitunza vizuri. Nami nikamlea mwanangu hivyo hivyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo nilijisifia nayo miaka mingi.

Alipotimia miaka kumi na miwili tulimpeleka likizo kwa bibi yake wa Ayalandi. Kijijini kwa mume wangu timu ni ya parokia, yaani ya watu wanaosali kanisa moja na kuzikwa makaburi mamoja. Hawahami timu kwa kupenda. Aliyezaliwa pale, au ambaye baba yake amezaliwa pale, ni wa pale mpaka afe. Wala hawalipwi. Hata wale wanaofika timu ya jimbo, wanaoujaza uwanja watu kwa maelfu, kesho yake wanaamkia kazini, mwalimu darasani kwake na mkulima kwa ng'ombe zake. Nilipoyasikia hayo nilifurahi sana, kwa sababu nilidhani mchezo usiolipa ni rahisi mtu kuuacha.

Siku ya mechi yake ya kwanza alisimama pembeni ya uwanja akakataa kuingia. Kocha akamuuliza ana nini. Akasema hajaomba radhi kwa mama yake. Bibi yake akanipigia simu, mie nipo jikoni kwangu Ibra nasonga ugali, na nikamsikia mtoto anahema. "Mama, nipe radhi, wananingoja!" Nikampa. Nasikia mwamuzi alikuwa akitazama saa, na watoto wa timu zote mbili wamesimama kimya kama waliofika msibani. Akaingia, akafunga. Tokea siku hiyo hakucheza mechi bila kunipigia kwanza. Wenzake, watu wanaoamini soksi za bahati na kuingia uwanjani kwa mguu wa kulia, hawakuona ajabu yoyote. Alipokuwa mtu mzima, mwalimu wa skuli ya msingi kijijini kule kule, na amechaguliwa timu ya jimbo, kocha wao alikuwa akimuuliza katika chumba cha kubadilishia nguo: mama keshasema? Akiambiwa keshasema, wanatoka.

Sikufichi, nilipenda. Mwanamke niliyekaa Ibra, kofia za watu wale sizijui na mvua yao siipendi, lakini neno langu ndilo lililokuwa likiwafungulia mlango.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonifanya nimwachie aende akakae kule. Wazazi wangu waliporudi Oman waliitwa Wazinjibari, na Unguja walikotoka walikuwa wakiitwa Waarabu. Mimi nimekaa Ibra tangu sijang'oa meno ya utoto, na mpaka leo nikienda soko la wanawake siku ya Jumatano, kuna bibi mmoja auzaye viungo akinisikia nasema Kiarabu changu huniuliza, "Inti min wein?" Mimi wa wapi! Siku moja nilimjibu natoka mtaa wa pili, na nimemkuta kila Jumatano kwa miaka thelathini. Akanipunguzia bei ya hiliki, lakini wiki iliyofuata akaniuliza tena. Basi mwanangu mwenye rangi yangu na jina la Kiarabu, katika kijiji cha watu weupe kama maziwa, walimwita wetu. Hawakumuuliza wa wapi. Walijua: ni wa parokia, baba yake alicheza, babu yake alicheza. Nilipokwenda kumtazama, kizee mmoja barabarani alinishika mkono akalia kwa sababu ya mpira ambao mwanangu aliudaka mwaka uliopita. Mimi ningemnyima mtoto kitu hicho kwa lipi?

Nafasi yake ni beki wa kati. Kazi ya beki wa kati ni kusimama chini ya mpira unaoshuka kutoka juu, kunyoosha mkono na kuudaka kwa kiganja kitupu, huku watu wawili watatu wanaugombea mpira ule ule kwa magongo. Mume wangu anasema hiyo ndiyo nafasi ya heshima. Heshima hiyo ilimpata mwanangu kichwani mara mbili.

Mara ya kwanza alianguka, akazimia kidogo, na alipozinduka akaanza kusema Kiswahili. Watu wa huduma ya kwanza walidhani anaweweseka. Wakamwandama kwa maswali, yeye anawajibu vizuri tu, jina la mama yake, mji aliozaliwa, alichokula asubuhi, ila hakuna hata mmoja aliyemwelewa. Hadithi hiyo tuliicheka sana nyumbani. Alipumzika, akapona, akarudi uwanjani, na mie nikaendelea kuisimulia kwenye harusi za watu.

Mara ya pili nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta katika chumba kilichofungwa mapazia mchana, amevaa miwani ya jua kitandani. Kijiko kikigonga kikombe alishika kichwa. Alitaka kitu, akasema, "Mama, nipe ile... ile..." na mkono wake ukawa unatafuta hewani. Nikampa simu, nikampa shuka, nikampa tasbihi yangu. Akatikisa kichwa pole pole, machozi yanamtoka chini ya miwani. Kumbe alitaka maji. Neno maji, la kwanza nililomfunza baada ya mama, lilikuwa limempotea. Nilimnywesha nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia, na nilihisi woga ambao sikuuhisi hata siku ya kumzaa.

Nilimuuliza daktari: na ikitokea ya tatu? Alikuwa binti wa umri wa kuniita mama. Akaniambia wapo waliopata mara tano wakaendelea na maisha yao, na wapo waliopata mara mbili hawakurudi walivyokuwa. Nikamwambia ninauliza huyu wangu. Akasema, hatuwezi kujua. Nilitamani anidanganye. Nikamwambia basi mkataze wewe, akasema akipita vipimo hana la kumkatazia, na yeye ni mtu mzima, uamuzi ni wake.

Baada ya miezi akapita vipimo vyote. Neno maji lilirudi, na mengine yote. Ila nilikuwa nikimsikiliza kwenye simu kama mtu anayemega mkate kutafuta mchanga. Akikawia tu kwenye neno moja, namtaka alirudie.

"Acha sasa, mwanangu," nilimwambia. "Umecheza, umesifiwa, yakutoshe."

"Daktari kasema kichwa iko sawa, mama."

"Daktari kasema hajui."

"Hata mie sijui, mama. Nikiendesha gari sijui vilevile." Kisha akasema pole pole, "Mwaka huu parokia tunaweza kuchukua kombe la jimbo. Hatujalichukua tangu babu yuko hai."

Nikamgeukia baba yake. Nilimwambia wewe ndiye uliyemchongea gongo, wewe ndiye uliyemtia mtoto wangu ugonjwa huu, sasa mtoe. Nilisema na mengine ambayo hayaandikiki. Alitoka uani akasimama mbele ya ukuta wake wenye madoa, na nilipomfuata kumalizia maneno yangu akasema bila kugeuka, "Unadhani mie n'nalala?" Nikarudi ndani. Goti lake la kushoto alilivunja kwenye mchezo huo huo, na siku za baridi ya Januari anashuka ngazi kama mzee wa miaka mia, lakini sijapata kumsikia akijuta.

Nikafanya lile ninalolijua. Nikaenda Sinaw siku ya Alhamisi, nikanunua mbuzi, nikamchinjisha na kuigawa nyama sadaka. Yule Bedui aliyeniuzia akaniuliza ni akika ya mtoto mchanga? Nikamwambia hapana, ni sadaka, mwanangu anacheza mpira. Akaikusanya mikono kuomba dua, akasema Mungu amjaalie magoli mengi.

Kisha nikaenda Birkat al Mauz kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Ndiye peke yake aliyebaki katika wale waliotoka Unguja wakiwa watu wazima. Nilimkuta chumbani na kiyoyozi chake, amejifunga leso, anatazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiarabu. Nilimpa shikamoo, akanipokea kwa kunilaumu kwamba sikumletea ndizi, na bustani za ndizi za mji mzima zimemzunguka.

Nikamweleza yote. Kwamba fainali inakuja, kwamba atanipigia kuniomba radhi, na kwamba sitaki aingie. "Nikimnyima, mama mkubwa, hataingia. Huyu hajapata kuingia bila radhi."

Akaupunguza sauti mchezo wake. "Na akiingia?"

"Hataingia."

"Weye hunisikii. Akiingia bila radhi zako, kaingia uchi. Likimpata la kumpata, litakuwa limempata mikononi mwako. Radhi haizuiwi, mwanangu. Ukiizuia ni laana hiyo, taka usitake."

"Basi nimpe? Nimpe nikamtume mwenyewe akapigwe gongo?"

"Ukimpa, umempeleka."

"Sasa nifanye nini?"

"Mie n'najua? Mie sijazaa," akasema, na sauti ya Waturuki ikapanda tena. Nilikaa naye mpaka tamthilia ikaisha, mume akamwacha mke, mke akaanguka kwenye zulia. Mama mkubwa alilia zaidi kwa ajili ya yule mke kuliko alivyolia kwa ajili yangu. Nilirudi Ibra nimekasirika, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumtupia, kwa sababu alilosema lilikuwa ndilo. Nililijua kabla sijatia gari moto.

Siku ya fainali ilikuwa Jumapili, na kwa saa zetu mechi ilianza baada ya laasiri. Mume wangu aliunganisha simu na televisheni. Alivaa fulana ya timu ambayo tumbo halitoshi tena. Mie nilikaa na simu yangu mapajani, skrini juu. Mwanangu hupiga wakishafika uwanjani, kabla hajavaa kofia. Ikapiga. Picha yake ikatokea, ile aliyopiga akiwa na vazi la kanzu na kofia ya Kiomani siku ya Idi.

Nilisema moyoni, sitampa wala sitamnyima. Nisipopokea, sijamkatalia. Atadhani nasali, atadhani simu haina chaji, na kwa vile hajapewa, hatoingia. Niliona nimepata njia ya tatu ambayo mama mkubwa na uzee wake hakuiona. Simu ikaita mpaka ikakatika.

"Pokea," mume wangu akasema.

Ikapiga tena.

"Pokea, wewe."

"Siwezi."

"Mtoto anakungoja."

"Pokea wewe basi! Ongea naye wewe!"

Aliitazama simu, akatikisa kichwa. "Mie hanitaki mimi. Anataka radhi zako." Alisema bila uchungu. Ikapiga mara ya tatu, ikatulia, na ukaingia ujumbe: Mama uko wapi. Niliusoma bila kuufungua.

Timu zikatoka. Nikahesabu migongo, nikarudia, wake sikuuona. Mtangazaji akasema maneno haraka haraka, mume wangu akasogea mbele. "Wanasema hayumo," akasema. "Yuko benchi. Wanasema labda ana maumivu."

Alhamdulillahi! Niliinuka nikaenda jikoni nikatia chai, nikatia hiliki na zafarani kama siku ya wageni. Nilifurahi mpaka nikaimba. Nusu ya kwanza yote niliitazama kama mtu anayetazama ugomvi wa nyumba ya jirani. Nikawaombea hata washinde, na dua hiyo ilikuwa na hesabu zake: wakishinda bila yeye, atakuwa amepata kikombe chake, kijiji kitatulia, naye ataacha. Mume wangu hakuigusa chai yake. Upande wa kati wa timu yetu ulikuwa unavuja. Aliyepewa nafasi ya mwanangu alikuwa na kiganja kilichofungwa bendeji, na kila mpira uliposhuka kwake wapinzani walikuwa wakiuchukua. Mume wangu aliguna kila mara, na kila akiguna mie nilimtazama kwa jicho baya.

Katika nusu ya pili kamera ikageukia benchi. Mtu amesimama, ameinamisha kichwa, anafunga mkanda wa kofia chini ya kidevu. Nilimjua kwa shingo kabla hajainua uso. Mama huijua shingo ya mwanawe, ameiosha mara ngapi.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka niko mbele ya televisheni, mikono yote miwili juu ya kioo, na sauti inayotoka ni yangu. "Nimekuridhia! Nimekuridhia, mwanangu, nimekuridhia, Mungu akuridhie!" Nikachukua simu nikampigia, na simu yake bila shaka ilikuwa ndani ya begi chini ya taulo la mtu. Nikampigia tena. Nikampelekea ujumbe wa sauti wa kelele tupu. Mume wangu akanishika mabega.

"Keshaingia," akasema. "Hiyo picha inachelewa kutufikia. Hiyo imeshapita."

"Imepita kivipi, si huyo hapo anafunga kofia!"

"Kule keshaingia. Wanacheza saa hizi."

Nilikuwa sijapata kulifikiria jambo hilo. Miaka yote nimekaa nikitazama mechi zake na kusoma Ayatul Kursiy mpira ukiwa hewani, kumbe kule mpira ulikuwa umeshashuka, na kama ni kuumia ameshaumia, na mimi naomba Mungu kwa habari iliyokwisha. Niliendelea kuita hata hivyo. Nilisema nimekuridhia mpaka koo likakauka, huku namwona anakimbilia nafasi yake na yule wa bendeji anampisha.

Mpira wa kwanza ulishuka kwake. Akanyoosha mkono. Magongo mawili yakapanda pamoja naye, na wote watatu wakaanguka, na kwa kitambo niliona nyasi tu na miguu. Mume wangu aliniachia mabega akajishika kichwa chake mwenyewe, pale pale anapovaa kofia mwanawe. Kisha mwanangu akatoka chini ya watu na mpira mkononi, akaupiga mbali, uwanja mzima ukanguruma. Nilikaa sakafuni. Mechi iliyobaki niliisikia tu.

Walifungwa kwa pointi moja. Hata dua yangu ya hesabu haikukubaliwa.

Alipiga simu sisi tumeshasali magharibi. Nilipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kichwa?"

"Kichwa iko sawa. Tumefungwa."

"Nimeona."

Nyuma yake nilisikia maji ya bafu na wanaume wakizungumza chini chini kama waliotoka kuzika. Nilikuwa nimeshatayarisha uongo wangu, kwamba nilikuwa nasali.

"Nilikuona uko hewani, mama," akasema. "Nilijua unayo simu mkononi."

Uongo wangu ukaishia pale. "Na ukaingia."

"Nilikaa benchi kwa ajili yako. Nilimwambia kocha mama hajasema. Akaniambia basi kaa, tutangoja. Wallahi walingoja, mama, nusu ya kwanza yote wananitazama mie na simu." Akavuta pumzi. "Halafu yule mwenzangu na mkono wake. Ulimwona. Walikuwa wanamuua. Ningekaa vipi?"

"Nilikuridhia ulipokuwa unafunga kofia. Muulize baba yako. Nilipiga kelele."

"Sikujua," akasema. "Mie niliingia nikijua sina." Halafu, kwa sauti ile aliyokuwa akiniambia nayo amejifunza kuogelea, akasema, "Niliogopa ule mpira wa kwanza tu, mama. Baadaye nikaona naweza."

Nikamwambia afya yake ndiyo muhimu, na ale, na alale. Nilikuwa na neno moja tu maishani la kumshikia mtoto huyu, na nilikuwa nimelisikia likikatika. Baba yake aliomba simu wakaongea Kiingereza chao habari ya nusu ya pili, nani alimpita nani, na mwisho nikamsikia mume wangu anasema mwakani. Mwakani!

Sasa msimu mwingine umeanza. Mwanangu hajabadilika kwangu. Ananipigia karibu kila siku, shikamoo yake iko pale pale, ananiuliza baba kala, mama mkubwa anaendeleaje. Mechi anazitaja zikishakwisha. Nilimuuliza mara moja mbona hakuniomba radhi, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, nisikutie kwenye tabu ile tena." Amenihurumia, na huruma hiyo imenishinda kuliko ukaidi wowote. Nikamwambia niombe, nitakupa, sasa hivi nakupa. Akasema ahsante mama, kama mtu anayepokea zawadi ya kitu alicho nacho. Mume wangu ananiambia niseme tu mwenyewe, Mungu anasikia. Nasema. Nasema baada ya kila sala, lakini nilizoea kumsikia akihema upande wa pili, akingoja.

Juzi Jumapili parokia yake ilikuwa na mechi. Nilikaa na simu mapajani tangu adhuhuri, nimeitia chaji mpaka ikajaa, sauti juu, na nikamkataza mume wangu kuigusa. Ndugu yangu wa Sur akapiga, nikamkatia, nisije nikakutwa naongea. Ikaadhiniwa laasiri, nikasali nayo iko mbele ya msala. Haikuita. Mume wangu akawasha televisheni, na picha ilipofunguka mwanangu alikuwa yumo tayari uwanjani, kofia imefungwa.